Rupia, hela na sumni: wasomaji wanauliza gredi na bei za sarafu za kale

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kandokando ya ziwa, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Hii ni ya zamani sana, niuze shilingi ngapi?" Tuanze kwa kuwaudhi kidogo. Uzee peke yake hauuzi sarafu. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria (1882), ina zaidi ya miaka 140, na bado iliyochakaa hununuliwa kwa bei ndogo kwa sababu zimebaki nyingi mno. Kinachopandisha bei ni uchache wa zilizobaki, na hali ya hiyo moja iliyo mkononi mwako. Wanaouza mabondo ya sangara wanaelewa haraka: samaki ni yule yule, ila gramu chache na doa moja vinahamisha bondo kutoka kundi hili kwenda lile, na bei inahama nalo.

*Shikamoo mhariri. Katika sanduku la marehemu babu tumekuta sarafu nzito ya njano, ina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T. Maandishi yamekaa upande na sehemu nyingine hazionekani kabisa. Mnunuzi mmoja pale Makoroboi kasema ni bandia kwa kuwa imepigwa ovyo, akatupa 10,000 "ya shaba tu". Tumwachie?* (Msomaji, Igoma)

Marahaba. Msimwachie bado. Kwa maelezo yenu hiyo ni hela 20 ya Tabora. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu kutoka Berlin na Hamburg haziji, Wajerumani wakalazimika kuzipiga wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Ndiyo maana ya T, na D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mashine hazikuwa za kiwanda cha fedha, chapa zilichongwa na mafundi waliokuwapo, na metali ilikuwa ile iliyopatikana. Uzito unapishana kutoka sarafu hadi sarafu, chapa inaenda kombo, na upande mmoja mara nyingi umefifia. Kwa sarafu hii, kupigwa ovyo si ushahidi wa ubandia. Iliyonyooka mno, yenye herufi za kufanana kama zimetoka kwenye kompyuta, ndiyo ya kuitilia shaka. (Neno "hela" tunalotumia kila siku limetoka hapo hapo, kwenye Heller ya Mjerumani.)

Kabla ya kutaja bei, angalieni mambo haya. Kwanza metali: za shaba ya njano zilipigwa zaidi ya milioni moja, za shaba nyekundu ni laki tatu na ushei. Msikwaruze ili kujua rangi. Tazameni ukingo kwenye mwanga wa mchana, huko uchafu huwa mwembamba. Pili, taji: lipo kubwa na lipo dogo. Tatu, herufi mbili za L katika neno HELLER: ncha zake ama zimechongoka ama zimejikunja, na kuna zenye L ya pili tu iliyojikunja. Katalogi huorodhesha michanganyiko hii mmoja mmoja kwa bei yake, na baadhi ni adimu kuliko mingine. Anayenunua bila kuuliza taji na L ama hajui, ama anajua sana.

Sasa gredi, na hapa ndipo wengi wanapopunjwa. Sehemu isiyoonekana imelika kwa kutumika, au haikupigwa vizuri tangu mwanzo? Hayo ni mambo mawili na bei zake ni mbili. Zimeni taa ya dari, wekeni taa moja au tochi ya simu ubavuni mwa sarafu, kisha mwiinamishe taratibu huku mkitazama kwa lenzi ya mara 10. Palipolika ni bapa na laini, panateleza kwa macho, rangi yake ni tofauti na pembezoni, na kulika huanzia kwenye vilele: juu ya taji, migongo ya herufi. Palipofifia wakati wa kupigwa pana ngozi ile ile ya uwanja wa sarafu (sehemu tupu isiyo na picha wala maandishi), ina chembechembe, na ukigeuza upande wa pili, mahali pale pale nako pamefifia, kwa sababu nguvu ya nyundo haikufika pande zote mbili. Sarafu iliyofifia lakini haikulika inaweza kuwa ya gredi ya juu kabisa. Mnunuzi mjanja huiita "chakavu", akifika nyumbani anaiita jina lingine.

*Mnunuzi wa mtandaoni ananiandikia VF, XF, AU, MS 63. Mimi najua gredi za mitumba tu. Nifafanulieni, na mseme nani anaamua.* (Mfanyabiashara wa belo, Mlango Mmoja)

Ndugu, ukijua kuchambua belo umeshafika nusu ya njia. Tofauti ni kwamba huku kuna namba. Kipimo kinachotumika zaidi kinaanza 1 hadi 70, kilipendekezwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Chukua shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima, kama mfano.

Ikiwa mfalme amebaki kivuli, unaona umbo la kichwa na unasoma maandishi basi, uko kwenye VG (Very Good), namba 8 hadi 10. Kichwa cha mfalme kikionyesha mistari yake mikubwa lakini manyoya ya simba yamekuwa bapa, ni F (Fine), 12 hadi 15. VF (Very Fine) ni 20 hadi 35: manyoya yanagawanyika, sikio la mfalme lina umbo, lakini vilele vyote vimeguswa. XF (Extremely Fine) ni 40 na 45: ni ncha tu zilizolika, na kuna mabaki ya mng'ao wa kiwandani kwenye vichochoro vya herufi. AU (About Uncirculated), 50 hadi 58, inahitaji jicho: sarafu inaonekana mpya mpaka uiinamishe, ndipo unaona doa la kijivu kwenye nyusi na begani kwa simba. Kuanzia 60 ni MS (Mint State), haijawahi kutumika, na hapo hatuzungumzii kulika tena, ni mikwaruzo ya sarafu kugongana mifukoni, nguvu ya chapa na uzuri wa mng'ao. Mng'ao wa kweli huzunguka kama miale ya gurudumu unapozungusha sarafu chini ya taa. Uliosuguliwa hung'aa wote kwa pamoja, kama sufuria.

Nani anaamua? Soko. Kampuni kama PCGS na NGC za Marekani hupokea sarafu, huipa namba na kuifunga kwenye kasha gumu la plastiki. Kwa sarafu ya bei kubwa inafaa, kwa sababu mnunuzi aliye mbali anaamini kasha kuliko maneno yako. Kwa shilingi ya kawaida, ada na posta vitakula sarafu yenyewe. Kanuni ya kazi: gharama yote ya kwenda na kurudi ikizidi sehemu ya tano ya bei unayotarajia, iache bila kasha.

Na mtu akikuandikia "VF/XF" jua anasema upande mmoja ni VF na mwingine XF. Bei hufuata ulio mbaya zaidi, au katikati kwa mnunuzi mkarimu.

*Nanunua rupia kwa watu wa visiwani, lakini mara mbili nimeuziwa za kuigiza. Zina uzito sawasawa kabisa. Nawezaje kuzitambua bila kuzikata?* (Msomaji, Kirumba)

Uzito umeshaanza nao, vizuri. Rupia ya Mjerumani, yenye Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, ni gramu 11.66, kipenyo milimita 30.5, fedha ya 917 (sehemu 917 za fedha safi katika kila 1,000). Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni 2.91. Iliyotumika sana itapungua, 11.5 au hata 11.4 si ajabu. Lakini ikiwa na manyoya ya tai yote na masharubu makali halafu mizani inasoma 11.1, irudishe.

Anayeigiza kwa akili anasahihisha uzito kwa kuongeza unene. Hapo ndipo maji yanapomuumbua. Mizani iwe ya sonara, inayosoma 0.01 ya gramu. Weka juu yake kikombe chepesi cha plastiki chenye maji robo tatu, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba sana, iteremshe mpaka izame yote, isiguse chini wala ubavuni, huku mkono wako ukiibeba. Itikise kidogo povu litoke. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo.

Rupia halisi ya 11.66 itakusomea 1.13 hivi, na jibu la mgawanyo ni 10.3. Shaba iliyochanganywa na nikeli itasoma kama 1.31, jibu 8.9. Shaba ya njano hushuka zaidi. Maji ya ziwa yaliyochujwa yanatosha, hayana chumvi ya kukupotosha. Makosa yanayotokea: uzi mnene unaokunywa maji, povu lililojificha chini ya sarafu, na upepo wa feni. Pima mara tatu. Na usione 10.3 ukalala usingizi: mchanganyiko wa risasi na bati unaweza kuigiza namba hiyo, ingawa huwa laini, hautoi mlio, na rangi yake ni ya kijivu kizito.

Ndiyo maana macho yanafuata maji. Bandia za kumiminwa zina vipele na vishimo vidogo kwenye uwanja, kingo za herufi zimeviringana kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mstari mwembamba unazunguka ukingo mahali kalibu mbili zilipokutana. Mikato ya ukingo ihesabike kwa macho, iliyo sawa na inayofuatana. Tazama pia kama mwaka unakubaliana na maandishi: rupia za 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Kuanzia 1904 ni Deutsch Ostafrika, na chini kuna A ya Berlin au J ya Hamburg. Mwaka 1899 wenye Deutsch Ostafrika pekee ni kazi ya mtu wa karakana.

Sumaku ni ya kukataa tu. Ikivuta, si fedha. Isipovuta, hujajua kitu.

*Nimeambiwa rupia ya kweli inavuta punje za mchele, na tajiri kutoka nje analipa mamia ya milioni. Wanataka nichangie 800,000 za kuipima.* (Msomaji, Sengerema)

Usichangie. Fedha haivuti mchele, haivuti nywele, haizimi redio. Ukisugua kitu kwenye kitambaa kikavu kinaweza kuinua vipande vyepesi kwa umeme wa msuguano, na hata kalamu ya plastiki hufanya hivyo. Faida yao imo kwenye hizo 800,000 za "kupima", na tajiri hatatokea.

*Marehemu bibi ameacha mkufu wenye rupia mbili zilizotobolewa. Moja nimeisugua kwa limau na majivu ikawa nyeupe safi. Je, nimeongeza bei?* (Mama, Nansio)

Pole mama, umeipunguza. Limau lina asidi inayokula ngozi ya juu ya fedha, na majivu yana chembe zinazoacha maelfu ya mikwaruzo midogo. Rangi itarudi giza baada ya miaka, mikwaruzo haitaondoka. Kampuni za gredi zikipokea sarafu ya hivyo huandika "Details" (yaani ina kasoro) badala ya kuipa namba, na bei yake hushuka vibaya. Lakini kwa kuwa zilishatobolewa, hasara ya kuisugua si kubwa kama ingekuwa nzima: rupia yenye tundu huuzwa karibu na bei ya fedha iliyomo, yaani gramu 10.69. Usiende kwa fundi akazibe tundu. Tundu lililozibwa kwa risasi ni kasoro mbili, na mnunuzi atahisi unaficha. Wala usiukate mkufu: ukiwa mzima na historia yake unaweza kumpata mpenda mapambo ya kale anayelipa zaidi ya jumla ya vipande.

Ile ya pili iache na weusi wake. Ikiwa ina udongo, iloweke kwa siku kadhaa kwenye maji ya betri (yale ya kuongezea, yasiyo na asidi, soma chupa mara mbili), ukibadilisha kila siku, kisha uikaushe kwa kuigandamiza kwenye pamba bila kusugua. Mafuta na utelezi wa kijani unaotokana na mifuko laini ya plastiki huondolewa kwa asitoni safi ya maabara ndani ya bilauri ya kioo, mbali na jiko. Ile ya kufutia rangi ya kucha ina manukato na mafuta, haifai. Kuhifadhi: epuka raba bendi na magazeti, vina salfa inayoharakisha weusi.

*Naulizwa 500,000 kwa senti 10 yenye tundu, mwaka 1936, jina EDWARDVS VIII. Muuzaji anasema mfalme huyu hakuwahi kuwa na sarafu.* (Msomaji, Musoma)

Mwache nayo. Edward VIII alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, na Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mtaani. Uvumi umeanzia hapo. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuhitaji sura, tundu liko mahali pa kichwa. Ziliandikwa jina lake tu, zikapigwa kwa mamilioni, na bado zimejaa kwenye makopo ya nyumba nyingi. Inunue ikiwa haijatumika na ina wekundu wa shaba mpya, na hata hapo ni kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

*Nimerithi shilingi 43 za Afrika Mashariki, kuanzia 1922 hadi 1952, na sumni kadhaa. Sonara anataka azipime kwa kilo. Nauzaje, na mteja yuko Ujerumani, natumaje?* (Msomaji, Buzuruga)

Zitenge kwa mwaka. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu: gramu 7.78 mara 0.25, unapata 1.94. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Na sumni zako (senti 50) nazo: zikiwa za kabla ya 1948 ni fedha robo, baada ya hapo hazina. Tuseme thelathini ni za kundi la kwanza: una gramu 58 za fedha safi zilizofungwa ndani ya shaba nyingi. Kuitoa ni gharama, kwa hiyo sonara atakata kwenye bei na ana haki. Bei ya kilo iwe sakafu yako, usishuke chini yake, na usianzie hapo.

Kisha tafuta bei zilizolipwa, siyo zilizoombwa. Mtu anaweza kuomba milioni kwa miaka kumi. Chukua mauzo matano au sita yaliyokamilika ya mwaka ule ule, herufi ile ile ya kiwanda (H, KN, I au SA, au bila herufi) na gredi ile ile, ondoa ya juu na ya chini kabisa, tazama zilizobaki katikati. Toa gharama. Mfano wa hesabu tu: sarafu inauzwa mnadani 100,000, mnada unakata asilimia 15, posta 25,000. Mkononi unabaki na 60,000, tena baada ya miezi. Anayekupa 60,000 taslimu leo hajakuibia. Anayekupa 20,000 ndiye wa kukimbia.

Usiuze chache nzuri pamoja na kopo zima. Toa zenye XF kwenda juu, uza moja moja, zilizobaki uza kwa mkupuo. Piga picha kando ya dirisha bila flashi, pande zote mbili na ukingo, na nyingine ikiwa juu ya mizani. Mteja akilipa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe, siyo ujumbe uliokuja, kwa sababu ujumbe wa kughushi ni rahisi kuliko rupia ya kughushi.

Kuhusu Ujerumani: uuzaji na usafirishaji wa vitu vya kale uko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kabla ya kufunga bahasha, andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale ukiambatisha picha na orodha, upate jibu la maandishi. Kwenye fomu ya posta taja kitu kwa jina lake na thamani yake halisi. Ukiandika "zawadi, 5,000" na kifurushi kikapotea, fidia utakayodai ni hiyo 5,000.

*Je, sarafu za Tanzania za 1966 na zile dala za shilingi 5 nizihifadhi?* (Mwanafunzi, Bukoba)

Zilizotumika, kwa kumbukumbu tu, bei yake ni ya chini. Tafuta ambazo hazijaguswa. Za kuulizia kwa dhati ni za mwaka 1974 za uhifadhi wa wanyama: shilingi 25 ya twiga na 50 ya faru, zote za fedha, na 1,500 ya duma, dhahabu ya 900 yenye gramu 33.4. Ukikuta hiyo ya duma kwenye kopo la vifungo, usiisugue.